Seti ya Vifaa vya Darasa la Kwanza: Tathmini ya Mwalimu

Mwaka mpya wa masomo unapokaribia, mzazi mwenye mtoto anayeingia darasa la kwanza hukabidhiwa orodha ndefu ya vifaa, na mara nyingi hana muda wa kutafuta kimoja kimoja. Ndiyo maana seti zilizofungwa tayari zimepata wateja wengi: mtu ananunua begi moja, na ndani yake anakuta kila kitu ambacho mtoto atahitaji, au angalau ndivyo kifungashio kinavyoahidi. Seti ninayoitathmini hapa ni ya aina hiyo. Ina begi la mgongoni, kipochi cha penseli, penseli 12, vifutio viwili, kichongeo, rula ya sentimita 30, penseli za rangi 12, kalamu za rangi za wino 10, mkasi, gundi ya kijiti, madaftari manane, na chupa ya maji ya nusu lita, pamoja na karatasi ya vibandiko vya kuandikia majina. Sitamtaja mtengenezaji, kwa sababu seti za namna hii zinafanana sana, na ninayoyaeleza yatamfaa hata mzazi atakayekutana na seti yenye chapa nyingine.

Ninafundisha darasa la kwanza, na tathmini hii imetokana na kuiona seti hii ikitumiwa na watoto kadhaa katika muhula wa kwanza, kisha kukaa nayo mezani na kukikagua kila kifaa kwa utulivu. Nilichokiona kinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Pale ambapo mtengenezaji alimfikiria mtoto wa miaka sita au saba, na mkono wake ambao bado unajifunza, alitoa kifaa kizuri ambacho ningempa mwanangu bila kusita. Pale ambapo alimfikiria mtu mzima anayesimama mbele ya rafu, alitoa kifaa kinachopendeza macho na kumsumbua mtoto kuanzia siku ya pili. Vifaa vya aina zote mbili vimo ndani ya begi moja, na mzazi anahitaji kujua kipi ni kipi kabla shule haijafunguliwa.

Nianze na begi lenyewe, kwa kuwa ndilo linaloiuza seti. Lina rangi za kuvutia, picha kubwa mbele, mifuko mitano na zipu ndogo ndogo kila upande. Nilipoliweka kwenye mizani likiwa tupu, lilikuwa na uzito wa kilo 1 na gramu 100, na hapo ndipo shaka yangu ilipoanza. Mtoto wa miaka sita, kwa wastani, ana uzito wa kilo 20 hivi, na ushauri unaotolewa na wataalamu wengi wa afya ya watoto ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mwili, yaani kilo 2 hadi 3 kwa mtoto huyo. Madaftari manane ya seti hii yana uzito wa gramu 560 hivi. Chupa ikijazwa maji inafika gramu 620, kwa kuwa nusu lita ya maji pekee ni nusu kilo. Kipochi kikiwa na vifaa vyake vyote kinaongeza gramu 380. Ukijumlisha, mtoto anabeba zaidi ya kilo 2 na nusu kabla hajaongezewa kitabu hata kimoja cha kiada, na kati ya uzito huo, zaidi ya kilo moja ni begi tupu. Kuna mabegi ya watoto yenye uzito wa nusu kilo tu ambayo hudumu vilevile, na tofauti hiyo ndiyo nafasi ya kitabu kimoja au viwili.

Uzito huo haukutokana na kitambaa. Kitambaa ni cha poliesta chenye alama ya 600D, kipimo kinachoeleza uzani wa uzi kwa gramu kwa kila mita 9,000 za urefu wake, na kwa begi la mtoto kiwango hicho kinatosha kabisa; upande wa ndani kimepakwa utando wa kuzuia maji, na kwa kweli madaftari hayalowi katika mvua ya wastani. Uzito umetokana na mifuko isiyo ya lazima, ubao mgumu uliowekwa mgongoni ili begi lisimame vizuri dukani, na mapambo ya plastiki yaliyoshonewa mbele. Mtoto wa darasa la kwanza hahitaji mifuko mitano. Akiwa na mitano, daftari la kazi ya nyumbani hupotelea katika ule ambao hakumbuki kuufungua, na mwalimu hupoteza dakika za kipindi akisaidia kulitafuta. Anachohitaji ni mfuko mmoja mkubwa wenye kigawanyo, mfuko mdogo wa mbele, na wa pembeni wa chupa, basi.

Mikanda ya mabegani, kwa upande mwingine, imetengenezwa vizuri. Ni mipana, ina sifongo ndani, inaongezwa na kupunguzwa kwa urahisi, na kuna mkanda mwembamba wa kifuani unaozuia ile mikubwa kuteleza kwenye mabega membamba. Mzazi aichukulie nafasi hiyo kumpima mtoto akiwa amelivaa begi lenye vitu ndani, si tupu: sehemu ya juu isipande kupita mabega, ya chini isishuke chini ya kiuno, na mgongo wa begi ukae karibu na mgongo wa mtoto. Begi linaloning'inia hadi kwenye mapaja humvuta mtoto nyuma, naye hulazimika kuinama mbele ili asawazishe. Utepe unaorudisha mwanga umeshonwa mbele na kwenye mikanda, jambo ninalolisifu kwa moyo wote, kwa sababu watoto wengi huenda shule kabla jua halijachomoza vizuri na dereva anahitaji kuwaona kutoka mbali.

Zipu ndiyo sehemu ambayo kwa kawaida huliua begi kabla ya kitambaa kuchakaa, na katika seti hii ile kubwa imeshika vizuri. Tatizo liko kwenye vishikio vyake. Vimetengenezwa kwa umbo la nyota ndogo za chuma, laini na nyembamba, ambazo vidole vya mtoto haviwezi kuzikamata, hasa mikono ikiwa na jasho au baridi. Katika wiki ya kwanza ya shule, sauti ninayoisikia kuliko zote ni “Mwalimu, nifungulie,” na watoto wenye begi hili walikuwa miongoni mwa waliokuja mezani kwangu mara nyingi zaidi. Kipande cha kamba kilichofungwa kwenye kila kishikio kinatatua jambo hilo papo hapo, lakini mtengenezaji angeweza kulitatua yeye mwenyewe bila gharama ya maana.

Penseli ndizo kifaa bora kuliko vyote katika seti hii, na nitakaa nazo kidogo kwa sababu ndizo mtoto atakazozishika kwa saa nyingi zaidi. Ni za pembe tatu. Mtoto anapojifunza kuandika hushika penseli kwa ncha za kidole gumba na cha shahada, akaiegemeza kwenye cha kati, na penseli ya pembe tatu inampa kila kidole upande wake wa kupumzikia. Mtoto ambaye ameanza kwa kuikumbata penseli kwa ngumi nzima huelekezwa na umbo lenyewe, bila mwalimu kumsogeza vidole kila baada ya sentensi. Tena penseli ya pembe tatu haibingiriki mezani, na faida hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Penseli inapoanguka kwenye sakafu ngumu, kiini cheusi cha ndani huweza kukatika vipande vipande huku mbao ya nje ikibaki nzima. Mtoto anapoichonga, kipande kinachomoka, anachonga tena, kinachomoka tena, hadi penseli inakwisha bila kuandika ukurasa. Wazazi wengi hudhani mtoto ni mharibifu, kumbe penseli iliangushwa mara chache tu.

Mzazi anaweza kuipima penseli kabla ya kuinunua kwa kuitazama kwenye kitako. Kiini kinapaswa kuwa katikati kabisa. Kikiwa kimeegemea upande mmoja, kichongeo kitakula mbao zaidi upande wa pili, na ncha itavunjika kila mara hata kama kiini ni kizima. Katika penseli 12 za seti hii, zote zilikuwa na kiini katikati, na hazikumeguka ovyo zilipochongwa kwa kichongeo kizuri. Wale wanaohofia kwamba ncha ya penseli ina madini ya risasi wasiwe na wasiwasi: ncha hiyo ni mchanganyiko wa kinywe, yaani grafiti, madini meusi na laini, na udongo wa mfinyanzi. Utaratibu wa kuchanganya na kuchoma viwili hivyo uliwekewa hataza mwaka 1795 na Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, wakati ambapo vita vilikuwa vimeizuia Ufaransa kupata kinywe safi kutoka Uingereza, na kutokana na utaratibu huo ndipo ugumu wa penseli unapoweza kupangwa hadi leo. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na maandishi yanapauka. Kinywe kikizidi, penseli inakuwa laini na maandishi yanakoza.

Hapo ndipo palipo na lalamiko langu moja kuhusu penseli hizi. Zote ni za HB, daraja lililo katikati ya ugumu na ulaini, ambalo linamfaa mwanafunzi mkubwa na mtu wa ofisini. Mtoto anayeanza kuandika bado hajajua ni nguvu kiasi gani aitumie. Herufi isipokoza, hukandamiza. Akikandamiza, vidole vinachoka, karatasi inatoboka, na mwisho mtoto anasema mkono unauma. Penseli ya 2B, ambayo ni laini zaidi, huacha alama nyeusi kwa mguso mwepesi. Kama nusu ya penseli hizo zingekuwa za 2B, nisingekuwa na la kuongeza, na mzazi atakayenunua seti hii namshauri aongeze penseli mbili au tatu za daraja hilo kwa ajili ya miezi ya mwanzo.

Kichongeo ni habari nyingine kabisa. Kimetengenezwa kwa umbo la gari dogo lenye magurudumu yanayozunguka, na mtu yeyote anaweza kukisia kinachotokea katikati ya somo la hesabu. Hilo ningeweza kulivumilia kama kingechonga. Wembe wake ulikuwa butu mapema mno, na wembe butu hauikati mbao bali unaisokota, hivyo hata zile penseli nzuri nilizozisifu zilianza kumeguka. Tundu lake ni moja na limetengenezwa kwa penseli ya duara, kwa hiyo penseli ya pembe tatu huyumba ndani yake. Inashangaza kwamba mtengenezaji aliyechagua penseli kwa uangalifu kiasi hicho hakuzijaribu kwenye kichongeo alichokiweka katika begi hilohilo. Kichongeo cha chuma kisicho na pambo lolote, au chenye kikasha kidogo cha kukusanyia takataka, ndicho ninachowaomba wazazi wanunue badala yake. Chenye kikasha kina faida ya ziada darasani: mtoto hahitaji kusimama na kwenda kwenye pipa la taka kila anapochonga, na mwalimu wa darasa kubwa anajua safari hizo hula muda kiasi gani.

Vifutio navyo vimetengenezwa kwa umbo la matunda, vina rangi kali na harufu tamu. Harufu ya tunda humwalika mtoto mdogo akipeleke kifaa mdomoni, na kipande kilichomegwa kinaweza kumkaba. Hata bila hatari hiyo, vifutio hivi havifuti. Vinausambaza weusi wa penseli juu ya ukurasa na kuacha doa la waridi au la kijani juu yake. Mtoto wa darasa la kwanza hufuta kuliko anavyoandika, na anapoona kazi yake imechafuka hukata tamaa, wengine hulia, wengine huchana ukurasa wote. Kifutio cheupe, laini, cha mstatili, kisicho na harufu, ni kifaa kidogo ambacho kingemwepusha na huzuni hiyo. Katika seti nzima sioni jambo jingine ambapo uzuri wa nje umemgharimu mtoto kiasi hiki.

Madaftari ni ya ukubwa wa A5, kila moja lina kurasa 64, na karatasi yake ni ya gramu 60 kwa mita ya mraba. Nilifuta mahali pamoja mara kadhaa kwa kifutio cheupe na karatasi haikutoboka wala kuota manyoya, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini kwa daftari la mtoto. Pini za katikati zimekunjwa vizuri kuelekea ndani, hazichomi vidole. Mawili kati ya manane ni ya miraba, na kwa hesabu hayana mbadala, kwa sababu kila tarakimu inapokaa katika mraba wake, mtoto huanza kuona makumi yakiwa chini ya makumi na mamoja chini ya mamoja kabla hajaelezwa kwa nini. Yaliyobaki sita yana mistari ya kawaida ya milimita 7, na hapo mtengenezaji amemsahau mtoto tena. Mistari hiyo ni ya mtu ambaye tayari anajua kuandika. Anayeanza anahitaji mistari mipana zaidi, ikiwezekana yenye mistari ya kusaidia inayomwonyesha herufi kama “a” inaishia wapi na mkia wa “g” unashuka hadi wapi. Bila msaada huo, herufi zote hulingana kimo, na kazi ya kuzirekebisha baadaye ni ndefu kuliko kazi ya kuzifundisha mara ya kwanza. Madaftari hayo sita hayatapotea, yatamfaa mtoto katika darasa la pili au la tatu, lakini si sahihi kuyauza kama ya darasa la kwanza.

Rula ni ya sentimita 30, na kipochi kilicho ndani ya seti hiyohiyo kina urefu wa sentimita 22. Matokeo yake, rula hukaa begini peke yake, ikagandamizwa na madaftari, ikavunjika mapema. Rula ya sentimita 15 ingetosha kabisa kwa daftari la A5 na ingeingia kipochini. Aidha, alama ya sifuri imeanza mbali kidogo na ukingo, nao watoto wanaoanza kupima huweka ukingo wenyewe kwenye mwanzo wa mstari, wakapata jibu lisilo sahihi ingawa wamehesabu vizuri. Kipochi ni cha kitambaa, na kwa hilo nashukuru, kwani mikebe ya bati ikianguka darasa zima hugeuka kutazama.

Penseli za rangi zina kiini kinene kisichovunjika upesi na rangi zake zinakoza bila kukandamizwa. Gundi ya kijiti inashika karatasi vizuri. Mtoto afundishwe tu kuirudisha ndani kabla ya kuifunika, kwa kuwa wengi huiponda kwa kifuniko. Kalamu za rangi za wino ningeziacha nyumbani, kwa sababu wino wake hupenya hadi upande wa pili wa karatasi na kuharibu ukurasa unaofuata. Jambo moja hata hivyo limefanywa kwa uangalifu: vifuniko vyake vina matundu kileleni. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa kalamu za watoto katika kiwango cha kimataifa cha ISO 11540, ili kifuniko kikimezwa kwa bahati mbaya na kukwama kooni, hewa iendelee kupita wakati msaada unatafutwa. Mzazi akikuta seti yenye vifuniko vilivyozibwa, aiache hapohapo.

Mkasi una ncha za duara, kama inavyopaswa, na unakata karatasi bila kuitafuna. Lakini ni wa mkono wa kulia, na seti hii haiuzwi kwa namna nyingine. Takriban mtu mmoja kati ya kumi hutumia mkono wa kushoto, kwa hiyo katika darasa lolote la kawaida watakuwepo watoto wawili, watatu au wanne wa namna hiyo. Suala si kuzoea. Mkasi umeundwa ili nguvu ya kawaida ya mkono wa kulia izisukume bapa zake mbili zikutane. Mkono wa kushoto unapoushika, nguvu hiyohiyo huzitenganisha, karatasi hujikunja katikati badala ya kukatika, na bapa la juu humfunika mtoto asiuone mstari anaoufuata. Nimewaona watoto wenye akili na bidii wakionekana wazembe katika kazi za mikono kwa sababu hii peke yake. Mkasi wa mkono wa kushoto umegeuziwa bapa, na si kifaa cha anasa. Mzazi ambaye mtoto wake anakula, kuchora au kurusha mpira kwa mkono wa kushoto aununue kabla ya siku ya kwanza, na amweleze mwalimu.

Chupa ya maji ina ukubwa unaofaa na imetengenezwa kwa plastiki yenye alama ya 5, yaani polipropilini, ambayo hutumika sana kwa vyombo vya chakula na vinywaji. Haivuji ikifungwa barabara. Ugumu ni kwamba kuifunga barabara kunahitaji nguvu ya mtu mzima, na kuifungua vilevile. Mtoto anayeshindwa kuifungua huacha kunywa maji bila kumwambia mtu, kwa aibu, na ikifika mchana anaumwa kichwa. Kwa kifaa hiki, na kwa kila kifaa chenye kufunguka katika seti hii, kipimo ni kimoja: mtoto aketi peke yake na kufungua begi, kipochi, chupa na gundi, kisha afunge tena, bila kusaidiwa. Kinachomshinda nyumbani kitamshinda zaidi shuleni, akiwa miongoni mwa watoto asiowafahamu na mwalimu mmoja anayeitwa na kila mtu kwa wakati mmoja.

Vibandiko vya majina ni 24, ilhali vifaa vya kuandikwa jina, nikivihesabu vyote pamoja na kila penseli, ni 51. Tena ni vya karatasi ya kawaida. Kile cha kwenye chupa kilibanduka mara kilipolowa. Watengenezaji wa seti wanapaswa kulifikiria jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu watoto watatu wakija na seti ileile, wanakuwa na penseli zilezile, vifutio vilevile na rula ileile, na ugomvi wa “hii ni yangu” huanza kabla ya kengele ya mapumziko. Penseli inaweza kukwanguliwa kidogo kwenye kitako na jina kuandikwa kwa wino usiofutika. Begi liandikwe jina upande wa ndani, kamwe lisiandikwe nje kwa herufi kubwa, kwa kuwa mtu asiyemfahamu mtoto akiweza kumwita kwa jina lake njiani, mtoto humwamini kwa urahisi.

Je, seti hii inunuliwe? Kwa penseli, madaftari ya miraba, penseli za rangi, gundi na kipochi, jibu langu ni ndiyo, na mzazi ambaye kweli hana nafasi ya kutafuta kifaa kimoja kimoja hatakuwa amepoteza. Asiinunue kabla ya kupata orodha ya shule. Walimu hutofautiana kuhusu aina ya madaftari, wengine hukataza kabisa kalamu za wino, na kuna shule zinazohifadhi madaftari darasani, ambapo hoja yote ya uzito wa begi hubadilika. Mwenye mtoto mwenye umbo dogo atafute begi jepesi na anunue vifaa vingine kimoja kimoja. Kwa mtoto huyo, begi la seti hii ni zito mno.

Aliyekwisha kuinunua abadilishe kichongeo na vifutio kwanza, kwa kuwa ndivyo vyenye usumbufu mkubwa na ni rahisi kuvipata. Siku ya kwanza ampe mtoto penseli tatu zilizochongwa, mbili za 2B na moja ya seti, kifutio cheupe, penseli za rangi na madaftari ambayo mwalimu ameyataja tu. Penseli zilizobaki zikae nyumbani, na kila mwisho wa wiki mtoto na mzazi wakague kipochi pamoja, wachonge zilizofupika kwa ncha, na kujaza kilichopotea.

Kwa mtengenezaji ninayo maombi matatu: aandike uzito wa begi tupu kwenye kifungashio, kama anavyoandika idadi ya mifuko, auze pia seti yenye mkasi wa mkono wa kushoto, na abadilishe madaftari sita yenye mistari myembamba yawe ya mistari mipana. Penseli asiziguse, isipokuwa kuongeza za 2B.